Seti ya nonstiki au vipande viwili? Ulinganisho kwa jiko la nyumbani Tanga

Maduka ya vyombo ya Ngamiani huzipanga seti kwa rangi: nyeusi tupu, zenye madoadoa kama jiwe, na zile za krimu zinazopendwa kupelekwa kichenpati. Muuzaji atakwambia zote ni nonstiki, yaani zina utando wa ndani usioshika chakula, na hasemi uongo. Asichokwambia ni kwamba mbili kati ya hizo ni ndugu wa baba mmoja, ya tatu ni ukoo mwingine kabisa, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya kupalia wali.

Tuanze na hukumu, ili anayekwenda dukani leo asisubiri. Kwa nyumba yenye mtungi wa gesi upande mmoja na jiko la mkaa upande wa pili, na nyumba nyingi za Tanga ziko hivyo, seti nzima hailipi. Kikaango kizito cha sentimita 26 au 28 na sufuria nzito ya sentimita 24, vikiongezwa kwenye masufuria ya alumini ambayo tayari unayo, vitakufaa kuliko kasha la vipande 12 vyepesi. Kuna watu ambao seti inawafaa, nao tutawafikia.

Kilichomo ndani ya kasha

Seti nyeusi nyepesi ni alumini ya bati, unene wake milimita 1.2 hadi 2. Kiwandani bati hupakwa utando likiwa bado bapa, kisha mashine hulibana likawa sufuria. Kazi inakwenda haraka na bei inashuka. Lakini pale bati linapokunjwa, kwenye kona ya kitako, utando nao umevutwa, na hapo ndipo pa kukagua kwanza.

Seti za madoadoa, zinazouzwa kwa jina la graniti au marumaru, hazina jiwe. Madoadoa ni rangi. Zilizo bora ni alumini iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, unene wa milimita 3.5 hadi 5, halafu utando hupulizwa juu ya chombo kilichokwisha pata umbo lake, kwa hiyo kona haikuvutwa. Utando wenyewe kwa kawaida ni ule ule wa seti nyeusi, yaani PTFE, dutu iliyogunduliwa na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, Marekani, mwaka 1938 na baadaye kuitwa Teflon kibiashara. Kampuni ya Tefal ya Ufaransa ilianza kuuza vikaango vyake mwaka 1956. Kwa hiyo ukiambiwa "hii si tefloni, hii ni graniti", muuzaji anakuuzia rangi.

Na kuna ujanja wa pili: bati jembamba nalo hupigwa madoadoa. Macho hayatoshi hapa, inahitajika mizani.

Seti za krimu, na baadhi ya zile za kijani au za rangi ya shaba, huwa na utando wa seramiki. Huu ni wa jamii ya kioo, umetokana na silika, hauna PTFE ndani yake. Unastahimili joto kali zaidi bila kutoa mvuke wenye madhara. Siku ya kwanza yai huteleza juu yake kama liko kwenye barafu. Tatizo ni umri: utelezi wake huisha mapema kuliko wa tefloni, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili ya matumizi ya kila siku, kwa sababu mafuta yanayoungua huacha ngozi nyembamba ya kahawia isiyotoka kwa sifongo, na kupoza chombo ghafla huufanya utando upate nyufa ndogo zisizoonekana. Tefloni nzito iliyotunzwa hufika miaka mitatu, minne. Ile ya bati jembamba inakaribiana na seramiki, kwa sababu bati hupinda kabla hata utando haujachoka.

Kuhusu maandishi ya "haina PFOA" kwenye kasha. PFOA ilikuwa kemikali ya kusaidia kutengeneza tefloni kiwandani. Haikuwa tefloni yenyewe. Viwanda vikubwa vilikubaliana na serikali ya Marekani kuiacha kufikia mwaka 2015, na mwaka 2019 iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa kuondoa kemikali sugu. Kuandikwa kwamba haimo ni vizuri, ila hakukuambii kama chombo ni kizito au chepesi, wala kama ni tefloni au seramiki.

Mizani ya muuza vitunguu

Njia ya uhakika ya kujua unene bila vifaa ni uzito. Sufuria ya kipenyo cha sentimita 24 na kina cha sentimita 11, bila mfuniko, ikiwa ya milimita 1.5 itakuwa na nusu kilo ya alumini. Ikiwa ya milimita 3, kilo moja. Ikiwa ya milimita 4, karibu kilo 1.4. Masikio yanaongeza kidogo, gramu mia au zaidi. Ukiwa sokoni Mgandini mizani haiko mbali. Omba kupima, hakuna atakayekukatalia kwa dakika moja. Sufuria ya 24 isiyofika gramu 800 pamoja na masikio yake, iache, hata kama madoadoa yake yanang'aa.

Halafu geuza kitako juu na ukiwekee rula au ukingo wa simu. Kitako kizuri huwa bapa au kimeingia ndani kidogo sana katikati, maana kikipata moto hutanuka na kukaa sawa. Kilichotokeza nje kitazunguka kama pia jikoni, na mafuta yatakimbilia pembeni.

Toa chombo nje kwenye jua, kiinamishe, tazama ndani kwa pembe. Unatafuta vitobo vidogo kama vya sindano, malengelenge, na sehemu zenye mng'ao tofauti. Kila kitobo ni mlango wa chumvi: mchuzi wenye chumvi na ukwaju hupita pale, hula alumini iliyo chini, na utando huinuka kama rangi ya ukuta uliolowa.

Shika mpini, utikise. Ulioshikiliwa na parafujo moja utalegea, lakini unakazika kwa bisibisi. Wa riveti haulegei upesi, ila ukilegea ndiyo basi.

Beba na sumaku, hata ile ya kwenye mlango wa friji. Ikishika kwenye kitako, chombo kitafanya kazi kwenye jiko la indakshani, lile la umeme linalopasha chombo chenyewe kwa nguvu ya sumaku. Hili si la watu wa mbali tena. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na majiko ya umeme yanazidi kuonekana madukani. Kama bei inalingana, chukua chenye kitako cha sumaku. Kama kinaongeza bei sana na wewe uko kwenye gesi, acha, hakikuongezei chochote.

Moto unaotumia

Hapa ndipo seti nyingi zinapofia.

Tefloni iko salama hadi nyuzi 260 za Selsiasi. Ikipita hapo huanza kuharibika, na ikipita 350 huvunjika na kutoa mvuke unaomletea mtu homa na kifua kubana kwa siku moja hivi, na unaoua ndege. Anayefuga kasuku ndani, au anayelea vifaranga kwenye kona ya jiko kwa ajili ya joto, asome sentensi hiyo mara mbili.

Nyuzi 260 si mbali. Kikaango chembamba kitupu juu ya gesi iliyofunguliwa yote hufika huko kwa dakika chache, na hakitoi dalili yoyote. Mafuta ndiyo yanayotoa dalili. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa huanza kutoa moshi karibu nyuzi 230. Ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani hutoa moshi mapema zaidi, karibu 175. Kwa hiyo mafuta yaingie kwenye kikaango kabla ya moto kuwashwa, na moshi wa kwanza uwe amri ya kupunguza. Kwa chapati za maji, ambazo mafuta yake ni ya kupaka tu, tumia tone la maji: likichemka na kukauka, bado, likigeuka shanga na kukimbia huku na huku, chombo kimefika karibu nyuzi 200, mimina unga upesi.

Jiko la mkaa lililochochewa, mlango wazi, hupita nyuzi 500 kwenye makaa. Kwa chombo chenye maji ndani hilo si shida kubwa, kwa sababu maji hayaruhusu kitako kupita sana nyuzi 100 hadi yatakapokauka. Kwa kikaango ni kifo cha utando, na mapema zaidi ni kifo cha rangi ya nje, ambayo hubabuka na kunuka. Kanuni ya kutumia: nonstiki ya mchuzi inaweza kwenda kwenye mkaa uliotulia, wenye majivu juu, kikaango cha nonstiki kisiende kabisa. Seramiki inavumilia zaidi hapa, lakini mafuta yake yataungua na kuganda juu yake, kwa hiyo unanunua usalama na kupoteza utelezi.

Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake una shida ya namna nyingine. Pete ya moto ni nyembamba na vyuma vya kushikilia viko karibu karibu. Kikaango cha bati kitaunguza duara katikati na kuacha kingo mbichi. Kizito husambaza joto. Lakini kizito chenye mpini mrefu huinama kikiwa kitupu, na sufuria ya sentimita 32 hapo juu inayumba. Kwa jiko la namna hiyo usipite sentimita 26, na chagua masikio mawili badala ya mpini mmoja.

Chakula kwa chakula

Samaki ndiye anayeihalalisha nonstiki kuliko chakula kingine chochote Pwani. Changu au kibua mbichi, ngozi ikiwa na unyevu, hujishika kwenye chuma kwa sababu protini yake hukamatana na metali yenye moto. Kwenye tefloni nzito, kijiko kimoja cha mafuta kinatosha pale ambapo kikaango cha kawaida kingetaka robo lita. Mfute maji kwanza, weka upande wa ngozi, usimguse dakika nne. Seramiki mpya inafanya hivyo hivyo, ya miezi kumi haifanyi.

Vibibi vinafuata. Unga wa mchele wenye tui na sukari hukaa juu ya moto mdogo kwa muda mrefu, umefunikwa, na sukari yake hushika. Kikaango kidogo cha sentimita 16 hadi 18 chenye kitako kinene kinatosha, na mfuniko wa kioo unakuonyesha vitobo vikijaa juu bila kufunua. Seti nyingi hazina ukubwa huu; ununue peke yake.

Chapati za kusukuma, hapana. Zinataka chombo kikavu chenye moto mkali, ndicho kitu hasa kinachoiua tefloni. Chuma cha chapati, kile kizito cheusi, kinashinda hapa na kitarithiwa na wajukuu, mradi kifutwe na kupakwa mafuta mara baada ya kazi. Hewa ya chumvi ya Raskazone haikihurumii chuma kilichoachwa na unyevu usiku mmoja.

Wali wa nazi una mabishano yake. Kilo moja ya mchele inaingia vizuri kwenye sufuria ya sentimita 24, yenye takriban lita 5, ikibaki nafasi ya mchele kuvimba. Mfuniko wa seti hukaa vizuri na mvuke mwingi hubaki, kwa hiyo punguza kama kikombe cha robo lita kwenye tui lako jepesi, la sivyo wali utakuwa bokoboko. Maji yakikauka, shusha moto hadi mwisho wake, dakika 15 hadi 20. Utapata wali mzuri. Hutapata wali wa kupaliwa. Makaa hayawekwi juu ya mfuniko wa kioo: kioo hicho kimekazwa kwa joto la kiwandani, kikizidiwa hakipasuki vipande viwili, hulipuka chembechembe ndani ya chakula. Ukifunika kwa bati na kuweka makaa, joto litababua ukingo wa sufuria na masikio ya plastiki ngumu yatanuka. Anayepalia abaki na sufuria ya alumini tupu. Mkate wa kumimina wa makaa nao uko kwenye fungu hilo hilo.

Wapenda ukoko wana habari njema kidogo: kwenye nonstiki nzito, ukiongeza dakika tano za moto mdogo, ukoko hutoka mzima kama sahani. Kwenye sufuria tupu una ladha ya moshi lakini unaukwangua kwa jasho. Kila mtu na ukoko wake.

Mchuzi wa samaki wa ukwaju au embe bichi: nonstiki inashinda, kwa sababu uchachu hula alumini tupu na kuupa mchuzi ladha ya chuma. Kasimele ikiingia mwishoni haishiki chini. Usiulaze mchuzi humo hadi asubuhi, lakini. Chumvi na uchachu vikikaa usiku kucha vitatafuta kitobo.

Maharage na makande, masaa mawili ya kuchemka, hayahitaji utelezi wowote. Yapike kwenye alumini tupu.

Vipande 12 ni vingapi?

Hesabu ya kasha huhesabu vifuniko, na mara nyingine vijiko na vile vitambaa vya kuweka katikati. Seti ya vipande 12 inaweza kuwa sufuria nne, kikaango kimoja, vifuniko vitano na vijiko viwili. Hesabu vyombo vinavyokaa motoni tu, kisha gawa bei kwa idadi hiyo.

Chukua mfano, ukibadilisha bei kwa zile za duka lako. Seti nyepesi ya 90,000 yenye vyombo vitano ni 18,000 kwa chombo, inaonekana rahisi. Lakini ukitumia viwili tu kila siku na vikachakaa kwa mwaka, umelipa 90,000 kwa mwaka wa vyombo viwili. Vipande viwili vizito vya jumla ya 110,000 vikidumu miaka mitatu ni chini ya 37,000 kwa mwaka.

Seti inamfaa nani, basi? Nyumba mpya isiyo na sufuria hata moja na inayopikia gesi peke yake au umeme. Bibi harusi wa kichenpati ambaye ndugu wamechanga, ila wachangaji wanunue seti nzito yenye vyombo vitatu badala ya nyepesi yenye saba. Na mtu anayeishi peke yake chumba kimoja asiyetumia mkaa kabisa. Huyo achukue seti ndogo ya 16, 20 na 24. Sufuria ya sentimita 32 iliyomo kwenye seti kubwa ni ya shughuli, na kwenye shughuli watu hutumia mkaa au kuni, kwa hiyo itakaa juu ya kabati.

Mambo yanayoua utando

Stilwaya, mchanga na majivu vinajulikana. Kumbi la nazi ni swali: lililolowekwa na lisilo na mchanga halina ubaya mkubwa, ila likiwa limekaa chini uani limebeba mchanga. Tumia sifongo upande wake laini. Chakula kikishika, weka maji ya vuguvugu na kijiko cha magadi ya soda, chemsha kwa moto mdogo dakika kumi, kitaachia chenyewe.

Chombo cha moto hakipelekwi bombani. Bati jembamba hupinda hapo hapo kwa mlio unaousikia, na mfuniko wa kioo unaweza kusambaratika. Kiache dakika 15.

Mwiko wa mbao na upawa wa kifuu ndiyo vifaa vyake hasa, vya asili ya hapa hapa. Vijiko vya plastiki vinavyokuja na seti vitolewe kikaangoni baada ya kugeuza. Vikiegemezwa ukingoni huanza kulainika.

Zikipangwa kabatini moja ndani ya nyingine, weka kipande cha kanga kuukuu katikati. Mikwaruzo mingi hutokea kabatini, si jikoni.

Utando ukianza kutoka vipande, kipande kilichomezwa kwa bahati mbaya hupita mwilini bila kufyonzwa, lakini chombo kimekwisha kazi: chakula kitashika pale palipobanduka na chumvi itaendelea kula. Usikigeuze kuwa mfuniko wa kupalia au chombo cha kukaangia korosho kwenye mkaa, ingawa umbo lake linavutia kwa kazi hiyo, maana tefloni iliyobaki itaungua. Fungua mpini kwa bisibisi, alumini ipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mfuniko wa kioo uhifadhi. Kipimo cha 24 ni 24, na sufuria inayofuata inaweza kununuliwa bila mfuniko.